Ufunguo wa Meya wa Velka

Lorne Pickersgill aliposoma gazetini kwamba kijiji chetu cha Velka kinakaribia kutimiza miaka mia moja, hakuona sherehe, aliona ulaji. Septemba akaja na tai yake shingoni, akapanga chumba juu ya mkahawa, akajitangaza kuwa mwandishi wa historia za vijiji.

Aliingia nyumba kwa nyumba, akala pierogi zetu za viazi mpaka akavimba mashavu, kisha akanong'ona: "Babu yako ndiye meya wa kwanza wa Velka. Karatasi nimeziona kwa macho yangu. Toa mchango kidogo, ukurasa wa kwanza ni wake. Ila iwe siri yetu."

Siri! Velka ina watu sitini na wawili na mkahawa mmoja. Kufikia Desemba tulikuwa na mameya wa kwanza kumi na wanane, na wajukuu wao tumeketi meza moja, tunatazamana kwa aibu. Tumeingizwa mjini, tena na mtu tuliyemlisha wenyewe!

"Tumwitie polisi," akafoka mzee Sorensen.

"Thubutu!" akasema Bi Olha Hrynkiw, karani wa kijiji. "Huyu niachieni mimi."

Kisa ni kwamba meya wetu alikuwa amefariki, na kiti chake hakuna aliyekitaka. Nani anataka kuamshwa alfajiri kwa sababu bomba la jirani limeganda? Na wilaya ilishatuonya: tusipopata meya kufikia Ijumaa adhuhuri, Velka inafutwa. Tulilia, kweli tulilia, lakini kugombea, hapana.

Bi Olha akamfuata Lorne mkahawani.

"Mwanangu, watu wameanza minong'ono. Hizo hela ziweke kwenye sefu ya kijiji, wakuamini, wakuongezee."

"Sefu inafunguliwa na nani?"

"Ina funguo mbili, haifunguki bila zote mbili. Mmoja wangu, mwingine wa meya. Meya hatuna. Ukijaza fomu hii, Ijumaa ni wewe."

"Na hela za kijiji zimo humo humo?"

"Zote, baba."

Loo, macho yalivyomng'aa! Akasaini bila kusoma, bahasha ya hela akaitumbukiza kwenye tundu la juu ya sefu kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa adhuhuri, mpinzani hakuna. Tulipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Velka imepona! Lorne akainama huku na huku, ufunguo wa meya mkononi, akamvuta Bi Olha pembeni.

"Haya, mama, tuikague sefu."

Bi Olha akajipapasa mifuko. "Wangu sijui nimeuweka wapi, Mheshimiwa. Uzee huu!"

"Utaonekana lini?"

"Muda wako ukiisha. Miaka minne."

Lorne akaikimbilia sefu, akauvuta mlango wake kwa mikono miwili; wapi! Simu ikalia. Bi Olha akasikiliza, akaikata, akanyoosha kidole mlangoni.

"Bomba la kina Sorensen limeganda, Mheshimiwa. Koleo lile pale."