Filamu ya Gitaa Jekundu

Jumatatu, tarehe tisa Machi 2026, Eldoret iliamka na ukungu, na baridi ya kuuma masikio baada ya mvua ya usiku kucha. Asubuhi ya namna hiyo mtu mwenye akili timamu hubaki kitandani. George Okumu alikuwa na akili nyingi, lakini utimamu wake haukuwa umethibitishwa, kwa hivyo saa mbili tayari alikuwa nje ya chumba chake mtaani West Indies, kofia imelalia upande mmoja, kamera shingoni, akisubiri boda ya kumpeleka Kiplombe.

Jioni iliyotangulia alikuwa amepigiwa simu na Austine, mnunuzi wa vitu vya kale kule Nairobi. Austine alikuwa akitafuta gitaa jekundu la umeme lililopigwa miaka ya sabini na Bethwel Kituyi, enzi hizo mwanamuziki wa roki, nywele zikiwa kichaka. Atakayelileta hatajuta. George, ambaye aliwahi kumuuzia mwalimu mkuu kiwanja kilicho katikati ya kinamasi, hakuona ugumu wowote. Mzee haibiwi gitaa. Mzee anatengenezewa filamu ya maisha yake, filamu inahitaji gitaa, na gitaa linaondoka kwa heshima. Ulikuwa mpango ambao Shetani mwenyewe angemuuliza George aliusomea wapi.

Mzee Bethwel alimpokea sebuleni kwake Kiplombe. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa na ugonjwa wa viungo. Mkewe, Mama Hulda, alileta chai na kuiombea mpaka ikapoa. George akaeleza: filamu itaonyesha mateso ya msanii, njaa, dharau, na jinsi nyimbo zilivyozaliwa. Yeye mwenyewe ataigiza Bethwel kijana. Kwa leo anaomba tu gitaa, akafanye mazoezi.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Kijana, gitaa liko mwisho wa hadithi. Unaanzaje na mwisho?"

"Tuanze wapi, Mzee?"

"Kwa mateso. Kabla ya kushika gitaa nilikuwa kibarua miaka mitatu. Nilikamua ng'ombe za watu, nikalima mashamba ya watu."

Mama Hulda alikuwa akiitazama kamera. Aliuliza kama ni nzito. George alimwambia hizi za kisasa ni nyepesi sana. Mama akasema Mungu asifiwe.

Hivyo ndivyo George alivyoanza kukamua saa kumi na moja alfajiri, kisha kulima shamba la mahindi, kisha kuchimba shimo la choo, ambalo alihakikishiwa ni sehemu muhimu ya wasifu. Kila asubuhi aliegesha kamera juu ya kigingi, akajifanya kuiwasha, akashika jembe. Mzee alikaa kwenye kiti akiongoza.

"Rudia," alisema. "Hapo bado hujateseka."

Kwa makadirio ya George mwenyewe, alikuwa tapeli wa kwanza katika kaunti nzima kuiba kwa jasho lake. Malengelenge ya mikono aliyahesabu kuwa gharama za kazi.

Juma la pili walifika kwenye utunzi. Enzi zake Mzee alikuwa akitunga zizini, akifuata mdundo wa maziwa ndani ya ndoo. Wimbo mmoja ulikuwa umemkatalia ubeti wa mwisho kwa miaka arobaini. Kila jioni gitaa lilitolewa, George akalipiga mbele ya ng'ombe, likarudishwa chumbani kwa Mama na kufungiwa. George alikuwa amewahi kupiga katika bendi ya harusi, na vidole vyake vilikumbuka. Asubuhi moja, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, maneno yakamjia. Akayaimba. Mzee alivua kofia akajifuta macho. George akauimba tena bila kuombwa, akajiambia ni mazoezi ya kazi.

Alhamisi ya juma la tatu Austine alipiga simu: atakuja Eldoret kulichukua Jumapili alasiri, au waachane. George akamwomba Mzee tena. Mzee alisema George apige wimbo wao ibadani Jumapili, kisha gitaa litakuwa mikononi mwake na hatalirudisha tena. Usiku huo George alilala akitabasamu.

Ilikuwa Jumapili ya Mitende na kanisa lilijaa. George aliimba wimbo wote, ubeti wa mwisho ukiwemo, na matawi yakapepea. Ndipo Mzee Bethwel alipoomba kipaza sauti. Alisema gitaa hili analitoa kwa Bwana, na kwamba mlinzi na mpigaji wake ni George. Pasta akalipaka mafuta gitaa, akampaka na George. Simu zote zikapiga picha. Kabla ya Amina, picha zilikuwa zimeshafika kila kundi la WhatsApp la Kiplombe, la waendesha boda, hata la wanunuzi wa vitu vya kale. Simu ikamtetema George mfukoni. Ni Austine: "Nimeona picha. Kitu cha madhabahu mimi sigusi."

George akainama kwa Mama Hulda, aliyekaa kiti cha mbele.

"Mama, mlijua lini kuwa hakuna filamu?"

"Siku ya kwanza. Kifuniko cha kamera kilikuwa wazi, na ndani hakuna betri."

"Na mkaniacha?"

"Mwaka mzima tulimwomba Mungu atupe mpiga gitaa, kwa vile vidole vya Mzee vimekataa. Tukasahau kuomba awe mwaminifu. Hayo ni makosa yetu."

Pasta akampa kipaza sauti aseme neno. George aliangalia mlango. Penye mlango alisimama askari anayeimba besi kwenye kwaya, ameshika tawi lake. Alitafuta uongo wowote, hata mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuupata.

"Mimi George Okumu," alisema, "mbele ya Mungu na mbele yenu wote, naahidi kulipiga hili gitaa kila Jumapili, na halitatoka mlango ule."

Watu wakashangilia. Mzee Bethwel hakupiga makofi.

"Na filamu?" aliuliza.

Kanisa zima likamgeukia George.

"Na filamu naahidi, Mzee. Tunaanza upya kesho saa kumi na moja, zizini. Nitakuja na betri."