Koti la Mwalimu na Spika za Masikioni

Jumatatu, 9 Juni

Bahati imenidondokea! Shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye duka la simu, kanipa spika za masikioni. Hazina waya. Ndogo kama punje mbili za maharage. Sifa yake kubwa ni kwamba zinakata kelele: ukizivaa, dunia inanyamaza. Anataka mtu wa kawaida azijaribu wiki nzima kwenye shughuli za kila siku, kisha aandike tathmini ya kweli, aibandike ukutani dukani kwake. Nikimaliza, zinabaki zangu. Nilimwuliza kwa nini kanichagua mimi. Akasema wengine wote wana kazi. Hilo nimelimeza.

Sababu yangu hasa ni Redio. Ni fundi cherehani mwenzangu, mashine yake iko ubavuni mwa yangu. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Anaanza kuongea akiwa bado mlangoni: mpira, ndoto aliyoota, jino la mama mkwe wake. Jino hilo linauma tangu mwezi wa pili. Miaka sita nimekaa karibu na mtu huyu!

Na sasa tunagombea meza ya dirishani. Fundi aliyekuwa pale kahamia mji mwingine. Bibi Mkasi, mwenye karakana, kasema Ijumaa atamchagua wa kukaa pale. Anayekaa pale ndiye anayeshona makoti na kuonana na wateja. Sisi wengine ni zipu na pindo za suruali mpaka tuzeeke.

Mpango: Redio aongee, mimi nisisikie, kazi yangu ing'ae, meza niichukue. Mbona rahisi!

Jumanne, 10 Juni

Zinafanya kazi! Redio alifungua mdomo saa mbili kasorobo na hakikutoka kitu. Midomo inacheza tu. Nilikaribia kutoa machozi.

Nimezificha chini ya kofia ya sufu, nimeivuta mpaka shingoni. Joto kali, lakini sina jinsi. Bibi Mkasi hataki vitu vya masikioni kazini. Eti fundi anaijua mashine yake kwa kuisikiliza. Mambo ya enzi za cherehani za kukanyaga kwa mguu.

Ya kulia inachomoka nikitafuna. Leo ilidumbukia kwenye boksi la vifungo. Spika nyeusi, vifungo vyeusi, mia tano na ushee. Robo saa nzima nikichambua, huku Bibi Mkasi akidhani napanga vifungo kwa ukubwa. Kanisifu. Nikaona bora nivipange kweli.

Kisha habari kubwa: kanipa koti la Mwalimu! Ni mwalimu mkuu wa shule niliyosoma. Anastaafu Jumamosi, na koti hilo ndilo atakalovaa wakati wa kuagwa. Kila mtu mjini atakuwepo. Mzee huyu ndiye aliyenipachika jina la Masikio ya Pambo darasa la sita, kwa sababu kila akiniuliza swali nilimwomba arudie. Jina lilinifuata mpaka nikaoa. Nataka avae koti hili, anitazame, ajue nimekuwa mtu. Meza naitaka, ndiyo. Lakini hili nalitaka zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Siku safi kuliko zote. Mabega tayari, kola imekaa. Saa nne nikaanza mishono ya ubavuni. Bibi Mkasi alikuja, akashika kitambaa, akaongea kwa muda mrefu, akachora kitu hewani kwa kidole. Masikioni mwangu kulikuwa na muziki mtamu. Ningetoa spika, angeziona. Nikaitikia kwa kichwa. Akaongeza neno. Nikaitikia tena, mara hii nimekunja uso kama mtu anayepima jambo. Akaondoka ameridhika. Lazima alikuwa anasifia kola.

Nikashona mbavu zote mbili, mshono mara mbili mbili, uzi imara. Hata tembo avae, halichaniki.

Redio alinisumbua katikati ya kazi. Alinigonga bega, akanyooshea kidole mashine yangu, akainua kibunda cha uzi na kukipunga. Mara tatu! Wivu mtupu, anataka nipoteze mwendo. Nikamtabasamia, nikafumba macho. Nilipomaliza nikalikunja koti bila hata kulitazama. Fundi wa kweli halitazami. Bibi Mkasi akaja akalichukua, akalifungia kabatini.

Tathmini hadi sasa: kelele sifuri, chaji saa tano, raha haina kipimo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwisha.

Usiku sikuzichaji vya kutosha; chaji iliisha saa tano asubuhi, dunia ikarudi na makelele yake yote. Cha kwanza nilichosikia ni Bibi Mkasi akiongea na Mwalimu kwenye simu. Alimwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Anajua Mwalimu alipimwa akiwa ametoka kuugua, mwili umepungua, na sasa umerudi. Ndiyo maana jana alimwagiza fundi asishone mbavu kabisa, azishikize tu kwa uzi wa muda, mpaka Mwalimu aje Ijumaa saa tatu kujaribu. Na fundi, alisema, alimwelewa vizuri sana. Aliitikia kwa kichwa mara mbili.

Mshono mara mbili mbili! Kufumua mshono uliokazwa kwenye kitambaa kile kunaacha alama kama ndui. Mwalimu hataingia ndani ya koti lile hata kwa kusukumwa. Ataagwa na shati. Na ataulizwa na mji mzima nani kamfanyia hivyo, naye atawajibu: Masikio ya Pambo.

Mpango wa kwanza: nilifumue kwa siri wakati wa chakula cha mchana. Lakini koti liko kabatini na ufunguo uko shingoni mwa Bibi Mkasi. Nikamwambia nimesahau kastabini yangu kwenye mfuko wa koti. Akanivulia yake kidoleni, akasema niitumie tu.

Mpango wa pili: nikasema nimeona mende akiingia kabatini, atatafuna sufu. Akashtuka. Akaniamuru nihamishe mashine zote nane, nifagie, nipulize dawa karakana nzima. Kabati lenyewe, alisema, lina mlango wa bati, mende hapiti. Nimefanya kazi hiyo mpaka jioni. Napiga chafya hadi sasa.

Mke wangu kaniuliza nina nini. Nikasema dawa ya mende. Akafungua dirisha.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa tatu kamili Mwalimu kaingia. Kweli kanenepa, mashavu yamejaa. Nilimwamkia shikamoo sauti ikatoka nyembamba. Bibi Mkasi akafungua kabati, akamvisha koti, mgongo wa Mwalimu ukiwa kwangu. Mafundi wote wakasimama kutazama. Mimi nikakamata ukingo wa meza, nikafumba macho, nikingoja kitambaa kilie.

Hakikulia.

Nikafungua jicho moja. Koti lilikuwa limeachana pande zote mbili, taratibu, kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo. Wazi! Hakuna mshono uliokatika, hakuna kilichochanika. Uzi mweusi ulichomoka mrefu mzima mzima, ukaanguka sakafuni, na kitambaa hakina hata alama. Bibi Mkasi akainama na pini zake, akapanua vidole vitatu kulia, vitatu kushoto. Koti likamkaa Mwalimu utadhani kazaliwa nalo.

Kisha akageuka, akatangaza mbele ya wote kwamba hivi ndivyo alivyotaka. Kashikizo kepesi, kanatoka bila kuumiza nguo. Akasema katika karakana hii kuna mtu mmoja anayesikia akiambiwa, na meza ya dirishani ni yake.

Mwalimu akanishika bega. Akasema ananikumbuka, na lile jina la darasa la sita leo analifuta. Nilitaka kusema asante ikatoka chafya. Nikakaa juu ya boksi la vifungo. Nashukuru, nashukuru, nashukuru! Sijawahi kuvuta pumzi tamu kama ile.

Mwalimu alipotoka nikainua kibati cha mashine yangu, nikatazama bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Tupu. Uzi wa chini uliisha Jumatano nikiwa nimeanza tu, na mimi nikaendelea kushona hewa, mbavu zote mbili, mara mbili mbili, nikifuata ngoma.

Redio akasogea, akaninong'oneza kwamba aliniambia mara tatu uzi wa chini umeisha. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Bibi Mkasi. Akashangaa. Akasema angemwambia ili iweje, sisi si tumekaa pamoja miaka sita? Halafu akarudi kwenye jino la mama mkwe. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Limeng'olewa. Mama anaendelea vizuri. Nimefurahi kwa kweli.

Mchana nikajaza bobini, nikashona mbavu bila kitu masikioni, Redio akitangaza pembeni. Mashine ilikuwa inaimba vizuri. Nimeapa: sizivai tena kazini. Nimeapa kwa dhati.

Jumatatu, 16 Juni

Niko dirishani! Mwanga, upepo, wateja wananisalimu kwa heshima. Koti la Mwalimu lilitoka vizuri kwenye picha zote. Anaonekana mtu mkubwa, na kola, nisijisifu, ni kola.

Shemeji kaja kuchukua tathmini. Nimeandika hivi: zinakaa vizuri ukiacha kutafuna, chaji inatosha mpaka saa ya mambo kuharibika, kelele zinakatika kabisa, zinamfaa hasa mtu msikivu. Alama kumi juu ya kumi. Kaibandika ukutani na jina langu chini.

Kasoro moja tu ya meza hii hakuna aliyenionya. Barabarani chini ya dirisha anasimama muuza sumu ya panya na kipaza sauti. Sentensi ileile moja, tangu asubuhi. Kiapo changu kilihusu Redio, na Redio sasa yuko mbali. Huyu ni mtu mwingine kabisa. Nimevuta kofia.

Saa nne Bibi Mkasi kaleta kitambaa cheupe, kizuri mno, cha gauni la harusi ya binti yake mwenyewe. Kaongea kirefu. Kanionyesha vidole viwili, kisha kimoja, kachora duara hewani, kagusa mkasi na kutikisa kichwa, halafu kaninyooshea kalenda. Akaniuliza kitu. Nikakunja uso, nikapima, nikaitikia mara mbili. Kaondoka ameridhika sana.

Redio kule pembeni kasimama juu ya kiti, anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi. Rafiki wa kweli yule, hata umbali haumzuii kunipongeza. Nami nimempungia.

Sasa naanza kukata.