Farasi Wanaogeuka Mawe

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeletewa umaarufu ndani ya ndoo ya plastiki.

Ndoo imeletwa na Mzee Eutimio Cisneros, dereva wa gari la farasi anayebeba abiria kati ya stesheni na sokoni hapa Camagüey. Farasi wake Lucero amekufa akiwa amesimama. Ndiyo, amesimama. Mzee anasema alimkuta asubuhi amejibana kwenye kona ya ukuta, macho wazi, akadhani anasinzia. Alipomgusa akaanguka mzimamzima, miguu imenyooka, kama meza iliyopinduliwa.

Nilikuwa peke yangu mapokezi ya maabara ya mifugo. Daktari Belkis Recio alikuwa amekwenda kunywa kahawa. Mungu ambariki aliyevumbua kahawa.

Ndani ya ndoo mlikuwa na moyo, mapafu, figo na kano za miguu ya Lucero. Nikatoa ule mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, nikaupasua. Kwa kawaida hukatika kwa ulaini, kama utumbo uliochemshwa. Huu uligoma. Kisu kilikwaruza kama kiatu juu ya maganda ya mayai. Nikaugonga mezani. Ukalia: ko, ko.

Malaika ya mikononi yakanisimama. Halafu nikafurahi sana.

Mwezi ujao kuna mkutano wa madaktari wa mifugo Havana. Mkurugenzi ameamua atakwenda mmoja tu, yule mwenye kisa cha ajabu zaidi. Belkis huenda kila mwaka. Mwaka jana alikwenda na ini la mbuzi. Ini! Mwaka huu ataniona mimi, Arsenio Varona, mchunguzi wa vipande vya nyama chini ya hadubini, namba mbili katika maabara yenye wachunguzi wawili. Ugonjwa ni mpya kabisa. Nimeshaupa jina: Ujiwe wa Varona.

Vipande nimevitia dawa ya kuhifadhi na kuvificha kwenye mtungi ulioandikwa "Minyoo". Belkis hapendi minyoo.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme umekatika tena. Nta ninayotumbukizia vipande ikagandia njiani, nikaanza upya. Kisha mashine ya kukatia ikapiga ukelele kila wembe ulipogusa kipande, na wembe ukapata mapengo. Belkis akauliza kutoka chumba cha pili nani anamtesa paka. Nikasema ni kiti changu.

Hatimaye nimeona. Kuta za mshipa zimejaa vumbi la rangi ya zambarau, limelala tabaka juu ya tabaka, kana kwamba kuna mtu alikuwa akilipanga. Lipo kwenye mapafu. Lipo kwenye figo. Lipo kwenye kano za miguu. Hakuna vijidudu, hakuna usaha, hakuna dalili kwamba mwili ulipigana na chochote. Lucero alikuwa akijengwa upya kutoka ndani, kimya kimya, na yeye anaendelea kuvuta abiria.

Nilitazama kwa muda mrefu. Nikapata hisia ya kijinga kwamba kazi ile haijakwisha. Nikafunika hadubini kwa kitambaa.

Tatizo: farasi mmoja si ugonjwa. Farasi mmoja ni bahati mbaya. Nahitaji wa pili. Mzee Eutimio ana jike, anaitwa Canela.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Eutimio saa sita mchana. Nilijifanya napita tu.

Canela alikuwa amesimama uani, jua kali likimpiga, kivuli kiko hatua chache pembeni. Mgongo umepinda juu. Anakanyaga kwa ncha za kwato kama mtu aliye pekupeku juu ya bati la moto. Alikuwa anautazama ukuta. Nilipomwita hakugeuza shingo. Aligeuza mwili wote, polepole, mguu baada ya mguu, mpaka macho yake yakafika kwangu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mnyama.

Nikaweka sikio kifuani pake. Moyo unapiga, lakini nyuma ya kila pigo kuna mkwaruzo, kama koleo kwenye changarawe.

Na ile harufu! Tamu, nzito, kama mwanamke aliyevaa nguo za harusi amepita sasa hivi. Nyumba ile haina mwanamke. Nikamuuliza mzee. Akajibu bila kuona haya kwamba ni marehemu mkewe, Zoraida. Huja asubuhi jua likipanda, huondoka jioni. Majirani wanasema amekuja kuwachukua farasi, mmoja mmoja, maana aliwapenda kuliko alivyompenda mumewe. Mzee haoni ajabu. Anasema hilo la mwisho ni kweli.

Halafu akaniuliza, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa Canela: "Daktari, niambie ukweli. Niendelee kumlisha, au namchelewesha tu kuondoka?"

Nikamwambia aendelee vilevile, asibadilishe kitu. Kisayansi ni jibu zuri. Akipona, nitabaki na farasi mmoja.

Lakini mimi si mtu mbaya. Kiangazi kimemaliza majani yote, na mzee humkatia Canela matawi ya wigo wa uani, vichaka vyenye maua meupe madogomadogo ambavyo Zoraida alivipanda. Nikakata fungu moja kwa mkono wangu, nikamlisha. Alikula taratibu, midomo yake ikinitekenya kiganja. Fungu jingine nimelileta ofisini. Yanapendeza mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mkubwa: kuthibitisha kwamba ugonjwa unaambukiza. Nimewadunga sungura wawili maji yaliyotokana na nyama ya Lucero. Wa kijivu nimemweka kando ya meza yangu, mweupe dirishani. Wako ofisini kwangu kwa sababu ufunguo wa banda la wanyama anao Belkis.

Belkis kachungulia, akauliza maua nimepewa na nani. Nikasema kuna bibi mmoja. Akacheka mpaka akashika mlango. Akanitakia kila la heri, akamtakia na huyo bibi uvumilivu.

Ofisi yote inanukia. Jioni, nikiwa nakusanya vitu vyangu, harufu ikakatika. Haikupungua, ilikatika, kama mtu katoka akafunga mlango. Nikatazama mlango. Ulikuwa wazi.

Sikukaa tena.

Jumatano, 19 Machi

Ushindi! Sungura wa kijivu amekakamaa. Mgongo juu, anatembea kwa ncha za vidole, na uso ameuelekeza ukutani. Namna ileile ya Canela. Nilimwita. Akageuka mwili wote. Nikacheza rumba peke yangu katikati ya ofisi.

Mweupe ni mzima, anatafuna. Si kitu. Kuna watu hawashikwi hata na mafua.

Katikati ya rumba nikakumbuka kwamba nimekuwa nikimbeba yule wa kijivu bila glavu. Nikasimama. Shingo ilikuwa nzito. Nikajaribu kutazama nyuma, nikajikuta nimegeuka mwili wote. Nikashika mshipa wa mkono. Mgumu! Nikaugonga mezani. Ko.

Ilikuwa saa yangu ya mkononi.

Hata hivyo nimenawa kwa spiriti ya maabara mpaka chupa ikaisha. Belkis anaitafuta. Nimemsaidia kutafuta.

Kwa mzee naendelea kwenda. Canela amekonda, mbavu zinahesabika, ila hamu ya kula anayo. Sasa akinisikia hunyoosha mdomo kabla hajaniona, kwa sababu ya yale matawi ninayomkatia. Mzee anasema ameanza kunipenda. Ninapoondoka huwa nabeba fungu jipya la maua kwa ajili ya meza.

Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Asubuhi nilimwendea mkurugenzi. Nikamwambia mji una ugonjwa mpya unaoambukiza, nimethibitisha kwa sungura, magari yote ya farasi yasimamishwe, na mimi niko tayari kwenda kulieleza taifa kutoka Havana. Nilitegemea anipe mkono. Akamwita Belkis.

Belkis akatuongoza maabara, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akashusha mtungi wa minyoo. Alijua tangu siku ya kwanza. Anasema minyoo haigongi kioo mtungi ukisogezwa. Alikuwa ananisubiri nimalize kuringa.

Akakaa kwenye hadubini yangu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alipoinua uso alikuwa amepauka, akaniuliza sungura wanakaa wapi. Nikampeleka ofisini kwangu kwa fahari. Akamtazama wa kijivu, akatazama meza, akatazama chombo cha maua. Vilikuwa vimebaki vijiti vitupu upande ule wa kizimba. Majani yalikuwa yamevutwa ndani ya waya, moja moja, siku zote hizo. Mimi nilidhani yanapukutika.

Akasema polepole: "Arsenio, hujamwambukiza huyu mnyama. Umemlisha."

Ni ule mmea, ambao maua yake hunukia mchana na kukata harufu jioni. Majani yake yana kitu kinachoudanganya mwili kwamba mifupa ina njaa. Mwili unakusanya chokaa kutoka kwenye chakula, unakusanya tu, na mifupa ikishiba unaipaka mahali pengine popote, kwenye mishipa, kwenye kano, kwenye moyo. Wenzetu katika nchi nyingine wameshaliona kwa ng'ombe na farasi. Si jipya. Limo kitabuni. Kitabu hicho ninacho. Kimeshikilia mguu wa meza yangu.

Kisha akauliza yule jike aliyebaki anakula nini.

Nilimwambia anakula nini. Nilimwambia pia nani anamlisha. Belkis alichukua mkoba wake, nami nikamfuata.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika ya jana, maana jana kalamu ilinishinda.

Belkis alimweleza mzee wazi wazi, amesimama mbele yake. Mzee alibisha. Wigo ule Zoraida aliupanda wiki waliyooana, na alipokuwa hai hakuna farasi aliyekufa hivyo. Belkis akamuuliza farasi walikuwa wakila nini enzi za Zoraida. Nyasi, akasema. Zoraida alikuwa akiwakatia nyasi kando ya reli kila alfajiri. Yeye, mzee, baada ya msiba hakuwa na nguvu za kwenda huko. Wigo ulikuwa karibu.

Akashika jani moja, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Nilidhani anakuja kuwachukua," akasema. "Kumbe anakaa pale kila siku ananitazama mimi nikiwapa."

Akaenda kuleta panga. Belkis alijitolea kumsaidia, akakataa. Alikata mwenyewe, kichaka kwa kichaka, hana haraka, na kila kilichoanguka tulikiburuta mimi na Belkis hadi kwenye mkokoteni wa takataka barabarani. Canela alikuwa akitufuata kwa mwili wote, akigeuka, akigeuka tena, mdomo umenyooshwa. Kwangu. Alikuwa ananidai matawi yangu.

Saa nane hivi hakukuwa na jani uani. Mkokoteni ulishaondoka. Mzee akatuita ndani tunywe maji, na tulipovuka kizingiti ile harufu ilikuwa pale. Tamu, nzito, nzito kuliko siku zote, ikitoka chumbani ambako kuna kitanda, kiti na picha basi. Nilimtazama Belkis. Na yeye aliisikia, nilimwona puani. Belkis, ambaye ana maelezo ya kila kitu. Akameza maji yote kwa mkupuo akaweka glasi mezani.

Mzee alikwenda taratibu mpaka mlango wa chumba. Akasimama pale kidogo kama mtu anayengoja kukaribishwa. Kisha akaingia akaufunga.

Tulirudi kwa miguu.

Jumatano, 9 Aprili

Canela amelala chini kwa mara ya kwanza tangu augue. Majirani walikwenda kumtazama amelala, kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Belkis anasema ataishi, lakini jiwe lililokwishajengwa halitatoka lote. Hatavuta gari tena. Jioni mzee humtembeza kwa kamba mtaani, mwendo wa maandamano ya Ijumaa Kuu, na baiskeli zinawapisha.

Nilikwenda kuwaona. Canela alinyoosha mdomo. Mzee akanisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu sana, akasema nisijisumbue tena, Daktari Belkis atakuwa anapita.

Niliumia. Kweli niliumia. Nilikaa ofisini nikimtazama sungura wa kijivu, naye akiutazama ukuta, nikajiambia kwamba mnyama yule alikuwa akila kifo mkononi mwangu huku mimi nikiandaa jina. Niliapa. Sikumbuki maneno kamili lakini yalikuwa mazito.

Belkis ndiye anayekwenda Havana. Jina langu ameliweka kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya shukrani, baada ya fundi wa umeme.

Ijumaa, 11 Aprili

Belkis kaondoka na basi la asubuhi. Maabara iko kimya. Nimefagia.

Kabla ya mchana mkulima mmoja wa njia ya kwenda Nuevitas ameleta gunia. Ndani mna mifupa ya nguruwe aliyemchinja juzi. Myekundu. Si ya damu, nimeiosha. Yenyewe ni myekundu mpaka ndani, na meno pia. Nikafunga mapazia, nikawasha ile taa ya zambarau ya kukagulia vipande, na gunia zima likawaka kama makaa mezani kwangu. Nilisogeza mkono nikidhani nitahisi joto. Ilikuwa baridi kama kawaida. Fuvu lilikuwa linanikenulia.

Haya sijayaona popote! Mwaka ujao Havana ni yangu. Moto wa Varona. Nimekwisha kuandika aya ya kwanza ya hotuba, na nimemwomba mkulima, kama mwanamume kwa mwanamume, asimtaje nguruwe huyu kwa Daktari Belkis.

Amekubali. Alichotaka kujua tu ni kama nyama inafaa kuliwa, maana mke na watoto wamekwisha kuikaanga na wanamngoja mezani. Nimemwambia awe na subira, nitamjibu nikishamaliza aya ya pili.