Wasifu wa Waziri Brandstrup Wasomwa Petite Barrière

Inatangazwa kwa umma wa Gisenyi kwamba Waziri wa Uchukuzi wa Denmark, Mheshimiwa Holger Brandstrup, atavuka Petite Barrière, kivuko chetu cha mpaka wa Goma, Alhamisi saa nne asubuhi, na kwamba tangu saa hiyo kila mtumishi atafuata mfano wake katika mambo yote, bila kuchelewa wala kisingizio.

Tangazo hilo la mwaka 1999 nililiandika mimi, Rutagengwa, mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea Wageni Wakubwa. Niliigonga karatasi mihuri mitatu, nikaagiza ibandikwe hadi mlango wa choo.

Kazi ngumu ilikuwa wasifu, maana kwenye kamati yangu mgeni haketi kabla maisha yake hayajasomwa kwenye kipaza sauti. Watu wake walituma karatasi moja tu, ya kutia aibu. Mheshimiwa alianza kazi akigawa barua. Kamati iliketi siku mbili, ikampandisha: Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Mlango kwa Mlango. Kisha akawa diwani wa mitaro. Tukaandika Msimamizi Mkuu wa Maji Yanayoondoka. Tena eti huenda wizarani kwa baiskeli. Hilo tulilifuta kwa kumwonea huruma.

Ili mgeni asikute msongamano, nilifunga njia ya mpakani kwa siku tatu. Ndipo akanijia Verediane, mjane anayevusha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kila asubuhi kwenda kuuza Goma. Mabeseni mawili yalikuwa yameshaoza. Nilimweleza kwamba huko si kufunga, ni maandalizi ya kufungua.

"Muheshimiwa, samaki haijui maandalizi," alisema. "Hii ya leo ikifika saa sita, imeharibika. Kiliya wangu mwenye kununua kule Goma atatafuta mwingine, na mi niko na watoto ine."

Nilimshauri asimame nyuma ya kamba na kupiga makofi.

Ilikuwa Alhamisi yenyewe, saa nne kasoro robo. Kimenyi, mkubwa wangu kutoka Kigali, mtu aliyekulia Tanzania, alikuwa ameshaketi mbele. Nilisoma vyeo vya mgeni kwa sauti nzito, watu wakayashangilia Maji Yanayoondoka. Katibu wangu Belyse akaniletea faksi iliyoingia dakika ile: nyongeza ya wasifu. Mimi sina tabia ya kupitia karatasi kabla ya kuisoma hadharani. Nikaendelea.

"Jana Waziri alijiuzulu, kwa sababu alifunga daraja kwa saa moja ili msafara wake upite, na muuguzi mmoja akachelewa kazini. Hatakuja. Anaomba radhi."

Niligeuza karatasi kutafuta maelezo zaidi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Niliogopa, nakiri.

Verediane alipita chini ya kamba, beseni kichwani, mkononi tangazo langu alilolibandua kule chooni. Alimpa Kimenyi na kumwomba alisome kwa sauti. Kimenyi alilisoma lote, na mihuri akaihesabu. Kisha Verediane akanigeukia.

"Bon. Ye alifunga saa moja. We, siku ngapi?"

Niliomba swali hilo lipelekwe kwanza kwenye kamati.

"Tangazo limeandikwa vizuri sana, Bwana Rutagengwa," alisema Kimenyi. "Bila kuchelewa, umesema mwenyewe. Kalamu unayo?"

Kalamu nilikuwa nayo. Mhuri pia. Niliandika barua ya kujiuzulu hapo hapo.

Njia ilifunguliwa saa nne na dakika tano, Verediane akatangulia. Kamati sasa inaandaa wasifu wangu. Belyse ameniarifu kwamba hawataandika kuwa nimejiuzulu. Wataandika Msimamizi Mkuu wa Kukaa Nyumbani.