Jinsi Nilivyoingia Ndani ya Redio ya Bibi

Jumanne, 5 Mei

Nimeamua. Nitamwimbia Bibi kupitia redio yake ya zamani, naye hatajua ni mimi.

Sababu naiandika hapa tu, maana wewe daftari hunicheki. Nimetunga wimbo. Nimeurekodi kwenye kompyuta nikiwa ndani ya blanketi. Ni mzuri au ni balaa? Sijui! Na Jumatatu mwalimu wa muziki anafunga orodha ya waimbaji wa tamasha la shule.

Kumwimbia Bibi ana kwa ana hakusaidii. Wajukuu anatusifu hata tukipiga chafya. Binamu yangu Tarumbeta, anayeimba hadi akipiga mswaki, kasifiwa mpaka kavimba kichwa. Lakini waimbaji wa redioni Bibi hawaonei huruma. Jana kauliza kama yule bwana aliyekuwa akiimba alibanwa na mlango. Kwa hiyo ukweli uko redioni tu.

Jumatano, 6 Mei

Kwa fundi redio. Nimefundishwa lugha mbili, na nikitazamwa usoni zote mbili hunikimbia. Basi nikampa karatasi. Akaisoma kwa sauti mbele ya wateja wote! Kwamba binti huyu anataka kompyuta iseme ndani ya redio ya bibi yake, kwa siri. Wateja wakanitakia kila la heri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini waya ninao! Upande mmoja pini nyembamba, kama ya spika za masikioni. Upande wa pili plagi nene ya miguu mitano, ya kuingia kwenye tundu la duara nyuma ya redio. Akasema nibonyeze kitufe cha kaseti, la sivyo redio itaendelea kusikiliza stesheni. Akaongeza mengine mawili matatu. Sikuyasikia, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Alhamisi, 7 Mei

Bibi katoka. Nikapitisha waya chini ya mlango wa chumba changu, chini ya zulia, hadi sebuleni. Nikacheza wimbo. Kimya! Nikaongeza sauti hadi mwisho, kompyuta na redio. Kimya! Nikaibembeleza kompyuta. Nikaitukana kwa lugha zote mbili.

Tarumbeta akaingia, akauliza nagombana na nani. Akainama huku akiimba, akachomoa pini kwenye tundu la waridi, akaichomeka kwenye la kijani. Kumbe la waridi ni la maikrofoni! Saa nzima nilikuwa naiomba kompyuta iisikilize redio.

Sauti ikalipuka. Vioo vikatetemeka. Mama Cherehani, jirani yetu fundi nguo, akapaza sauti dirishani kuuliza nani anaolewa bila yeye kuambiwa.

Nikamwambia Tarumbeta ni kazi ya shule. Akasema haya, mwanasayansi.

Ijumaa, 8 Mei

Saa kumi na moja jioni. Bibi kitini na ungo wa maharage. Mama Cherehani pembeni. Tarumbeta mlangoni. Nikamwashia Bibi redio, nikabonyeza kitufe cha kaseti, nikatoweka chumbani, nikaucheza wimbo.

Kwanza mtangazaji (mimi, nimebana pua): sasa msikilize msanii chipukizi. Kisha wimbo. Nikabandika sikio mlangoni.

Ubeti wa kwanza, maharage yanachambuliwa. Ubeti wa pili, mikono imesimama. Kisha Bibi akauliza huyu mtoto ni wa nani, mbona kaimba mpaka kamtoa mtu machozi? Akainuka. Akacheza! Ungo mkononi, maharage yanaruka! Mama Cherehani akapiga vigelegele. Nikalia na kucheka kwa pamoja, peke yangu, nikiwa nimekumbatia kitasa.

Ndiyo maana nikasahau kuzima rekodi wimbo ulipoisha.

Redio ikaendelea, kwa sauti yangu ileile ya ndani ya blanketi: haya, hapo sawa. Tarumbeta akajifunze! Halafu yale maziwa aliyosingiziwa kumaliza, niliyanywa mimi.

Bibi akaisogelea redio, akaiambia: wewe mtoto, toka humo ndani.

Nikatoka, kwa mlango. Tarumbeta alikuwa kakaa juu ya maharage, hana mbavu kwa kicheko. Akasema maziwa kasamehe, ila kiitikio atakiimba yeye. Bibi akasema yeye kasifu kabla ya kujua, na neno lake halirudi. Akaniamuru niimbe tena, hapohapo, nikiwa na uso. Nikaimba. Nilikuwa nimegeukia pazia, lakini niliimba!

Jumapili, 10 Mei

Siku mbili nimekaa napewa nasaha. Bibi: mwimbaji lazima aonekane. Tarumbeta: kujificha ndiko kulikoniponza. Mama Cherehani: hivyohivyo. Nimekubali kila neno. Kesho asubuhi naandikisha jina langu. Nimezaliwa upya!

Nimeshauliza: kati ya stoo ya shule na jukwaa ni mita thelathini. Fundi anasema waya wa urefu huo upo. Mimi nitaimba stoo, taa ikiwa imezimwa. Jukwaani, katikati, itasimama redio.

Bibi kakubali kuiazimisha. Mama Cherehani anaishonea gauni.