Bakuli la Bluu Halina Mwisho

Chang'ombe, Temeke,
Jumatano, kabla ya chai.

Kwa Mwalimu Lusungu,
Mlezi wa Klabu ya Vitabu vya Watoto,
Shule ya Sekondari ya hapa mtaani kwetu.

Ndugu Mwalimu,

YAH: KUSITISHWA KWA TOLEO LA PILI LA KITABU CHA PICHA

Naamini u mzima na walimu wenzako. Mimi si mzima sana, na sababu ni kitabu chenu.

Naitwa Ansbert Kamugisha, karani mstaafu, babu yake Tupokigwe wa kidato cha tatu. Kwa bahati mbaya ndimi pia yule mzee mwenye tumbo katika kitabu walichotunga wanafunzi wako kwa ajili ya watoto wa chekechea, ili wajifunze kuishi vizuri na watu wa dini na makabila mengine. Nasikia kimependwa na mnataka kuchapa nakala nyingine. Naomba kwa heshima zote msichape.

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa, usije ukasikia upande wa vijana peke yake. Mke wangu Clara alipofariki, jirani yetu wa ukuta wa nyuma, Bi Rubabbai, mama yake Rahemtulla mwenye karakana ya magodoro, alituletea biriani ndani ya bakuli la bluu lenye mfuniko. Tulikula, tukashukuru. Sasa, wewe ni mtu mzima, unajua chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mambo hayo yalikuwa ya Clara. Mimi nilishindwa kujua niweke nini ndani ya bakuli la familia ya Kihindi, tena Waislamu wa Kishia, nikaliweka juu ya kabati nikisubiri wazo. Wazo halikuja kwa miaka kadhaa. Katika muda huo nikimwona Bi Rubabbai getini kwake nilikuwa nageuza njia. Hatukugombana hata siku moja. Tulikuwa na amani kamili, kila mtu upande wake wa ukuta.

Ndipo Tupokigwe na Naqi, mjukuu wa Bi Rubabbai anayesoma naye darasa moja, wakalitungia bakuli hilo kitabu. Tupokigwe kaandika, Naqi kachora. Siku ya uzinduzi, mbele ya wazazi wote, na wewe mwenyewe ukipiga makofi, nikashtukia nimeshikishwa bakuli la kabatini kwangu likiwa na maandazi, nimkabidhi mwenyewe. Ningefanya nini? Nikamkabidhi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu unasema: "Bakuli likarudi na maandazi, na majirani wakawa marafiki. Mwisho."

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba kwa mazoea ya kazini.

1. Haukuwa mwisho. Bakuli ni lake, limerudi kwake, kwa hesabu yoyote ya kiofisi jalada limefungwa. Kesho yake asubuhi Naqi amesimama mlangoni kwangu na bakuli lilelile, lina katlesi, eti bibi amesema maandazi yalikuwa matamu. Mwalimu, nirudishe tupu? Nikaweka ndizi za kupika. Zikarudi bajia. Nikaweka karanga, ukaja mkate wa sinia. Tangu siku hiyo bakuli halipumziki, na mimi sipumziki. Mmewafundisha watoto wadogo kwamba jambo hili linaisha. Huo ni uongo, tena wenye picha za rangi.

2. Nimechorwa na singlendi tu, bila shati. Sijawahi kutoka nje na singlendi, isipokuwa siku za joto.

3. Jikoni kwangu kumeharibika. Naqi, kwa adabu ambayo siwezi kuikosoa, aliniuliza kama sufuria yangu imewahi kupika kitimoto, yaani nguruwe. Nilimjibu ukweli, kwamba haijawahi kupika kitu kingine. Ikabidi ninunue sufuria mpya, na upawa, na kisu. Nikaona tena si haki sufuria mpya ilale kabati moja na ile ya zamani, nikaihamishia ya zamani kwa rafiki yangu Apolinari. Matokeo yake kila Jumapili baada ya misa natembea hadi kwa Apolinari kula kitimoto changu mwenyewe, ndani ya sufuria yangu mwenyewe, huku mkewe ananiangalia kama mtu aliyekuja kuomba. Kitabu kinasema kuwapokea wengine hakugharimu kitu. Aliyeandika sentensi hiyo anakula kwangu bure.

4. Suala la senene. Dada yangu Demetria alinitumia senene, wale panzi wa kwetu, kutoka Muleba, wa kukaanga, safi kabisa. Nikasema hapa sasa nimheshimu mama wa watu, nikajaza bakuli. Kumbe upande wa pili limezuka swali kama wanaruhusiwa. Wakamuuliza sheikh wao, sheikh akauliza walikamatwa wakiwa hai au wamekufa. Swali likaja kwangu. Nikampigia Demetria kumuuliza senene wake walikufaje. Alinikatia simu, na hadi leo anawaambia ndugu kwamba Dar imenivuruga akili. Jibu la msikitini lilichelewa. Naqi hakuchelewa, akawala wote. Katika kitabu chenu hakuna senene hata mmoja, kwa hiyo mtoto wa Kihaya atakayekisoma atatoka bila maandalizi.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Niliona kwenye kalenda ya ukutani kwamba mwaka wa Kiislamu umeanza. Nikajiona mjanja. Nikaagiza keki ndogo, ikaandikwa kwa krimu ya waridi HERI YA MWAKA MPYA, nikaifunika bakulini nikaenda mwenyewe. Bi Rubabbai alifungua geti akiwa na nguo nyeusi juu mpaka chini, macho yamevimba. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante sana kaka Ansbert," akaingia ndani. Jioni Naqi akaja kunieleza taratibu kwamba mwezi huo kwao ni wa msiba, wanamlilia Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume. Mwalimu, niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Mama huyu aliniletea biriani kwenye msiba wangu, na mimi kwenye msiba wake nikampelekea krimu ya waridi. Tupokigwe alinifariji kwa kusema, "Babu, usijali, mbona wao wameona poa tu." Mimi sikuona poa. Kitabu chenu kina Idi, kina Krismasi, kina baluni. Hakina hata ukurasa mmoja wa watu wanaolia. Mnawafundisha watoto kushangilia na wengine, basi kulia watajifunzia wapi?

6. Nimepoteza uhuru wa kununa. Watoto wa chekechea wakipita wanapiga kelele, "Babu Bakuli, shikamoo! Leo kimetoka nini?" Huwezi kununa mbele ya watu wanaokuuliza hivyo. Na pale getini nilipokuwa nageuza njia, sasa lazima nisimame niulizwe presha yangu imepanda hadi ngapi. Bi Rubabbai amepunguza chumvi kwenye katlesi kwa ajili yangu bila hata kuniambia. Niligundua kwa ulimi. Nina watoto wanne niliowazaa, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za chumvi.

Kutokana na hayo naomba:

Kwanza, toleo la pili lisichapwe kabisa. Kama ni lazima lichapwe, neno "Mwisho" liondolewe, ili mababu wengine watahadhari mapema. Uongezwe ukurasa wa msiba, wenye watu waliovaa nyeusi na jirani aliyekaa nao kimya bila kubeba keki. Uongezwe wa sufuria mbili. Uongezwe wa senene, na waonekane wazi kwamba wanakamatwa wakiwa hai. Kitabu kikiwa kirefu kuliko cha kwanza nitaelewa. Mwisho, nivalishwe shati, lile la mistari. Tupokigwe analijua.

Nisalimie walimu wote, mama anayewapikia uji, mlinzi wenu, na wanaklabu wote. Naqi pia, ingawa ndiye aliyechora tumbo.

Ni mimi ninayepika bila kupenda,

Ansbert Kamugisha

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Wakati natafuta gundi Tupokigwe ameniambia kwamba Bi Rubabbai amelazwa tangu juzi, presha. Walinificha kwa kuogopa presha yangu. Mimi nilikuwa naona bakuli haliji, nikajiambia hatimaye mama wa watu amechoka, sasa nitapumzika. Sikupumzika, Mwalimu. Nimeshinda nikichungulia juu ya ukuta kama mwizi, na leo alfajiri nimekaanga mihogo ya kumpelekea mtu ambaye hakuwa amenidai chombo.

Bakuli la bluu limebaki kwao, na nyumba imefungwa, funguo anazo Rahemtulla huko hospitali. Kwa hiyo nimekwenda dukani nikanunua la kwangu, la kijani, lenye mfuniko unaobana. Ndani nimeweka uji wa ulezi, maana mihogo ya mafuta haimfai mgonjwa wa presha, umepikwa kwenye sufuria mpya. Naqi ananisubiri nje twende wodini. Nimevaa shati la mistari.

Barua hii anakuletea Tupokigwe. Malalamiko namba moja hadi sita yafute, ukurasa wa msiba ubaki. Chapeni, na mumtafutie Naqi kalamu ya kijani. Safari hii bakuli ni langu, na yule mama ninavyomjua hawezi kunirudishia tupu. Itabidi apone.