Mwenyekiti wa Wasioonana

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kozi yetu ya maendeleo ya jamii inasomwa mtandaoni. Hatujuani hata sura. Basi mimi, Masele wa Ngokolo, nimefungua kundi la WhatsApp ili tuwe ndugu. Nimejiteua mwenyekiti. Hakuna aliyepinga. Picha ya kundi ni mimi nikiwa na suti. Uongozi ni kipaji.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeagiza kila mmoja aandike asubuhi, “Mwangaluka, mwenyekiti.” Wasiojua Kisukuma wataizoea salamu hiyo. Kisha nikatuma video ndefu ya maisha yangu tangu utoto. Thobias, mchimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa, akalalamika kuwa imemlia bando lote kabla hajafungua somo. Nikamjibu kuwa undugu una gharama.

Jumatano, 8 Oktoba
Thobias anasema anaacha kozi. Anatoka shimoni amechoka, anasoma peke yake, haelewi. Nikamtumia picha ya maua yenye jina langu chini. Euphrasia, mwalimu wa chekechea kutoka Chato, akauliza kama nimempigia simu. Nikamwambia, “Mama Dorah, mwenyekiti hapigi. Hupigiwa.”

Ijumaa, 10 Oktoba
Usaliti. Euphrasia amefungua kundi lake na watu wanahamia huko. Anafupisha somo kwa maandishi, jioni wanaulizana maswali. Alimpigia Thobias simu yeye mwenyewe, wakasoma pamoja hadi akaelewa.
Nimeingia kupeleleza kwa simu ya mke wangu, kwa jina la Agnetha. Mjadala ukanoga. Nikajisahau, nikajibu swali kwa ujumbe wa sauti, sauti yangu hii nzito.
Euphrasia akaandika, “Karibu, Baba Ngusa. Ulibaki wewe tu.”
Wote wakanikaribisha. Machozi yalinitoka. Vumbi la Shinyanga hili.

Jumatatu, 13 Oktoba
Thobias amefaulu jaribio. Haachi tena kozi. Amemshukuru Mama Dorah kwa maneno mazuri, halafu akaongeza, “Na Masele pia. Bila kundi lake nisingemfahamu Mama Dorah.”
Nimemsomea mke wangu sentensi hiyo ya pili. Ya kwanza haikuwa na umuhimu. Iko wazi kwamba nimemwokoa mtu, na kipaji cha namna hii si cha kufungia ndani. Mchana nimewaundia kundi wanafunzi wa mwaka wa pili, nikawaingiza wote bila kuwasumbua kwa kuwauliza.
Mmoja ameshatoka. Bila shaka amekwenda kuwaita wenzake.